Sakafu ya Bafu na Mbuzi wa Kasikeu

Jumatatu, 4 Agosti

Sauda amepanda ngazi tena. Huyu ndiye mama amekodi duka langu hapa chini, anauza ndengu. Anasema maji ya bafu langu yanamdondokea juu ya magunia, na gunia moja limeanza kuota. Nikamwambia ashukuru. Migwani nzima inalilia mvua, yeye anaipata ndani ya duka! Hakucheka.

Nikaenda kuangalia. Kukanyaga karibu na choo, mguu ukazama. Kidogo tu. Sakafu hii ni ya mbao, niliipiga misumari mwenyewe wakati soko hili halikuwa na gorofa hata moja. Watu walikuwa wanatoka Mwingi kuja kuitazama! Mbao yangu haiozi. Imelainika tu, kama mtu mzima.

Kavata, mke wangu, amenikumbusha: Jumamosi watu wa Kasikeu wanaleta mbuzi wa ntheo, kumposa binti yetu Mwongeli. Watalala. Bafu lisipokuwa tayari, wataoga na kulala kwa jirani yetu Mbithi.

Kwa Mbithi! Afadhali walale barabarani.

Jumanne, 5 Agosti

Mbithi amekuja bila kuitwa. Ni rika langu. Alikuwa fundi Mombasa na hakuachi usahau. Akagonga sakafu na nyundo, akatega sikio kama daktari. Akaona taili nilizonunua za bafu, akasema zingoje. Kwanza nizibe bomba linalovuja, ning'oe mbao zote zilizooza, nibadilishe pia boriti zinazobeba hizo mbao, nikaushe, nipige mbao mpya. Ndio sasa nifikirie taili. Akadunga boriti na bisibisi. Ikaingia mpaka kwa mpini.

Nikamwambia ana bisibisi kali sana.

Akasema, Mzee Ngumbau, hii sakafu itakuaibisha. Nikamwambia huo ni wivu. Kavata akampa chai ya maziwa. Ya maziwa! Mimi asubuhi nilikunywa ya rangi.

Jumatano, 6 Agosti

Akili imenijia nikinyoa ndevu. Taili ni kama mawe. Mawe hayaozi. Ukiweka mawe juu ya mbao dhaifu, mbao inapata nguvu! Mbithi hawezi kufikiria hivyo kwa sababu alifundishwa.

Nimetandika plaiwudi juu ya pale palipo laini, nikapaka gundi ya taili nzito kama ugali, nikabandika. Bomba nimelifunga na mpira wa baiskeli. Kavata akauliza mbona sakafu inalia. Nikamwambia inajipanga.

Jioni taili zote zilikuwa zimekaa. Nyeupe! Zinang'aa! Nikamwita Mbithi aje aumie roho. Akasimama mlangoni, akakataa kuingia, eti anaona vizuri kutoka hapo. Mwoga.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya maji ya mfereji. Hapa kwetu maji yakija unajaza kila kitu, mpaka sufuria ya uji. Na watu wa Kasikeu lazima waone maji, wasije wakasema wameposa kwenye ukame. Nimeingiza lile pipa kubwa bafuni na kulijaza mpaka mdomo. Limesimama juu ya taili zangu kama chifu.

Sauda akapiga kelele kutoka chini kwamba dari yake imefura tumbo. Nikamjibu hata ndengu hufura zikilowa na hatujasikia zikilalamika.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Kukaa siwezi.

Wageni walifika mapema. Nani hufika ntheo mapema? Wazee, shangazi mmoja mnene mwenye heshima zake, na mbuzi. Sauda akawaingiza dukani wapumzike kivulini wakati mimi naoga huku juu. Nikaegemea pipa ili nichote maji. Sakafu ikatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Pipa likatangulia. Mimi nikafuata.

Ndengu zikanidaka. Taulo ilibaki juu, kwa msumari.

Athoni! Wakwe! Watu ambao hata shati ukikosa kufunga kifungo mbele yao ni makosa! Nikashika gorogoro, kopo la kupimia ndengu, nikajifunika. Gorogoro ni ndogo. Shangazi akageukia ukuta. Wazee walikuwa wamelowa mpaka kofia. Nikawaambia karibuni sana.

Wakaenda kando, wakanong'onezana. Uamuzi: posa itaendelea, msichana hana makosa. Lakini baba yake ameonyesha uchi mbele ya wakwe, kwa hivyo atatoa mbuzi wa kufuta hiyo aibu. Wakamchagua beberu wangu mkubwa. Mimi! Siku ya kupokea mbuzi!

Wamelala kwa Mbithi. Nasikia wamesifu maji yake ya moto. Mwongeli haongei na mimi.

Jumapili, 10 Agosti

Mbithi amenionyesha boriti. Unga mtupu, anasema. Sikuangalia huko. Nilikuwa naangalia kipande cha sakafu kilichoanguka dukani. Taili zote zimeshikana! Hakuna hata moja imebanduka! Zimetoka gorofani mpaka chini na gundi yangu bado imezishika. Nikamuuliza Mbithi kama taili zake zimewahi kujaribiwa hivyo. Akachukua bisibisi yake, akaenda zake. Nimemshinda mbele ya Sauda.

Kosa lilikuwa la pipa. Pipa ni mviringo, uzito wote unakaa mahali pamoja. Kesho narudisha kipande changu juu, kama kilivyo, taili zake na boriti zake. Watu wa Kasikeu watarudi harusini na wataoga kwangu.

Nimemtuma Kavata akaulize bei ya tangi la mraba. Kubwa kuliko pipa.