Chupa Namba 117

Jumatatu, 3 Juni 2019

Nimeingia kwenye utafiti. Mke wangu Nelly kanisukuma. Alisema kaka yangu Ariel alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka sitini na moja, mimi nina sitini na nane, na presha yangu ni ileile ya ukoo. Nisijifanye sijui. Ariel alianguka akifunga kamba za viatu. Tangu siku ile sivai viatu vya kamba.

Kliniki ilijaa. Daktari anaitwa Zulma Pintos, katoka Montevideo. Mfupi, sauti ya chini, kalamu nne mfukoni. Kalamu nne za nini? Alieleza kwamba anataka kujua kwa nini watu wawili wa mtaa mmoja, presha moja, mmoja anapooza na mwingine anafika miaka tisini akiwazika wenzake. Watu mia mbili, miaka miwili. Kwanza maswali arobaini: sigara, usingizi, chumvi, wazazi walikufa na nini. Nilipojibu kwamba chumvi sigusi, mtu nyuma yangu alikohoa. Hebert Cuadro! Jirani yangu, muuza mboga, adui yangu wa bocha, mchezo wa kubingirisha matufe, tangu darasa la pili.

Halafu kila mtu chupa yake. Nusu yetu tumepata dawa mpya, nusu vidonge vya chaki tupu. Kwa macho huwezi kutofautisha. Vidonge vyetu vya zamani tuendelee navyo vilevile, alisema mara tatu. Na nani kapata nini, hakuna anayejua. Hata yeye mwenyewe.

Hata yeye! Mpishi asiyejua sufuria gani ina nyama! Nilimkazia macho. Hakupepesa. Huyu amezoea.

Mimi 117. Hebert 118. Nesi Mirta alimpa Hebert chupa akatabasamu. Mimi alinipa kalamu nisaini.

Alhamisi, 6 Juni

Kidonge cha nne. Sioni kitu. Tumeambiwa tumeze saa kumi alasiri, ambayo ndiyo saa ya bocha, kwa hiyo chupa tunakwenda nazo klabuni kwenye makoti. Leo changu nimekitafuna. Ladha ya ukuta.

Hebert kanifunga kumi na tano kwa sita. Anasema anajisikia ndama dume. Anapanda ngazi za klabu mbilimbili, halafu anashuka apande tena ili nione.

Nimechunguza. Mirta ni mpwa wa marehemu mke wa Hebert. Ushahidi! Nilimpelekea Nelly habari hiyo mbio. Akasema Mirta ni mtoto wa binamu yangu vilevile, na kwenye ubatizo wake mimi ndiye niliyeangusha keki. Hilo halihusiani.

Asubuhi nilikuwa nimepitia kliniki na mikate ya siagi, ile yenye maziwa ya kuchemshwa na sukari ndani. Nikamwambia Mirta ale tu, tuzungumze kama ndugu. Alikula mitano. Akasema, "Don Elbio, naapa sijui. Majina yamefungwa kwenye bahasha, bahasha iko Montevideo."

Kumbe kuna bahasha. Mtu hafungi bahasha kama hana cha kuficha.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefanya!

Hebert alikuwa uwanjani anapima kwa kamba umbali wa tufe lake. Hupima kila mara, hata akishinda kwa hatua tatu. Nikaingia chumba cha makoti. Vidonge vyake kwenye leso yangu, vyangu kwenye chupa yake, vyake kwenye chupa yangu. Kimoja kikadondoka kikabingirika chini ya kabati. Nikakifuata kwa magoti. Katibu wa klabu akachungulia, akauliza kama nimeangusha jino. Nikasema ndiyo.

Nyumbani Nelly aliniambia nifungue mdomo. Habari za jino zilikuwa zimeshafika.

Jumanne, 11 Juni

Dawa ya kweli ni kitu kingine kabisa! Siku ya nne tu. Nimelala kama mtoto. Nimepanda ngazi mbilimbili (moja nilikosa, lakini sikuanguka). Nimemfunga Hebert kumi na tano kwa kumi na tatu. Alibadilika rangi. Nilimwonea huruma, kiasi cha kutosha.

Lakini bado anasema anajisikia ndama. Anaigiza. Hataki nijue kwamba anajua.

Vidonge vya zamani nimevimwaga kwenye chungu cha maua. Vya nini tena? Mwenye gari hapandi punda. Kisha nikaenda kwa yule mchoma nyama wa kando ya mto, nikala soseji mbili na mkate. Chumvi ile! Nilikuwa nimeisahau kama mtu anavyosahau jina la mchumba wa kwanza.

Chungu cha maua kinapendeza.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika kitandani hospitali. Mwandiko si wangu.

Jana, kumi na nne kwa kumi na nne, zamu yangu. Tufe likanitoka mkononi lenyewe. Nililitazama likibingirika nikajiuliza ni la nani. Nilitaka kusema naomba nirudie, kikatoka uji. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa wa mtu mwingine. Nikamwona Hebert anaitupa kamba yake. Hajawahi kuitupa. Alinibeba kama gunia mpaka kwenye gari lake, akanilaza katikati ya makabichi, akaendesha mpaka hospitali bila kuondoa mkono kwenye honi.

Maneno yalirudi jioni. Wanasema kilikuwa kiharusi kidogo cha kupita, cha kuonya. Nelly hakunigombeza. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Alikaa akanishika mguu wa kushoto, kila baada ya dakika chache anauminya kuona kama nasikia. Nilimfikiria Ariel, kamba moja imefungwa, nyingine bado.

Jumatatu, 17 Juni

Siku ya aibu, lakini siyo yangu peke yangu.

Daktari Zulma alikuja kuniuliza maswali. Nilikuwa najibu vizuri, yaani nadanganya kwa mpangilio, ndipo Hebert akaingia analia. Mwanaume wa kilo mia moja na kumi. Akapiga magoti mbele ya daktari akasema ameniua.

Alikiri yote. Alhamisi ile, tarehe sita, aliingia chumba cha makoti akabadilisha vidonge vyake na vyangu. Alikuwa na hakika mimi ndiye niliyepewa dawa, kwa sababu Mirta alinipa kalamu mimi, yeye hakupewa. Kwa hiyo ndama alikuwa ndama kwa vidonge vyangu, na mimi nimeanguka kwa chaki yake. Akaniambia, "Nisamehe, Elbio. Bocha ya mwaka huu chukua wewe."

Ningeweza kunyamaza. Nilinyamaza, kama dakika moja. Ilikuwa dakika tamu. Kisha nikahesabu kwa vidole. Yeye Alhamisi. Mimi Jumamosi. Nikapiga kelele kwamba basi nimejiibia vidonge vyangu mwenyewe!

Daktari akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuangalia, juu ya mguu wangu. Niliusikia. Ni dalili nzuri.

Akapiga simu Montevideo. Mgonjwa akianguka wanaruhusiwa kufungua bahasha. Alisikiliza, akakata simu, akatutazama mmoja baada ya mwingine. 117: chaki. 118: chaki.

Hakupayuka. Alisema kilichoniangusha ni kuacha vidonge vyangu vya kila siku, na soseji juu yake. Alisema namba mbili sasa amezipoteza, na kila namba ina mtu nyuma yake ambaye atakuja miaka ijayo na kichwa kinamgonga, na daktari wake atataka kujua ampe nini. Alisema hayo huku anakusanya kalamu zake. Zilikuwa tatu. Ya nne nilikuwa nayo mimi, tangu siku ya kusaini. Nikamrudishia.

Hebert aliinuka kwa kinyongo. Akauliza, kama ni chaki, ndama je? Daktari akamwambia ndama alikuwa wake mwenyewe tangu mwanzo.

Hapewi mtu chupa tena kati yetu. Tutapimwa tu, tuandikwe pembeni.

Jumapili, 23 Juni

Nimerudi nyumbani na mashine. Mkanda mkononi, kisanduku kiunoni. Kila nusu saa unakubana kama askari, unaandika presha yako, kutwa na usiku mzima. Kesho nairudisha.

Nani anasoma hizo namba? Mirta. Mirta ni mpwa wa nani? Nimemaliza.

Na leo Hebert anachoma mbavu kusherehekea kupona kwangu. Kasema ni nyama kidogo, ya heshima. Mashine ingenichongea mpaka Montevideo. Nikapata wazo. Nelly! Mishipa ya msichana. Hajapimwa tangu alipomzaa Graciela, husema hana nafasi ya kuumwa. Akiivaa yeye, namba zangu zitakuwa za malaika, na daktari atanifungulia chumvi.

Nilidhani atakataa. Alicheka mpaka akakaa. Akasema, "Lete hapa, mzee wangu. Angalau hiki kitanikumbatia kila nusu saa."

Mbavu zilikuwa mbili. Tatu. Chumvi niliinusa tu, halafu nikaila.

Jumanne, 25 Juni

Daktari Zulma kapiga simu saa mbili asubuhi. Mwenyewe, siyo Mirta. Akasema namba zangu ni mbaya. Mbaya kuliko siku niliyoanguka, tena usiku hazikushuka hata kidogo.

Nikatabasamu. Nilijua ni mtego. Anataka nikiri kuhusu mbavu. Nikamwambia mashine yake imeharibika. Akasema kaijaribu kwa mkono wake, ni nzima. Nikamwambia basi mkono wake ndio mbovu. Akasema, "Don Elbio, sikutishi. Mwenye namba hizi asibebe hata ndoo."

Nikatazama jikoni. Nelly alikuwa anamenya boga amekaa, kisu mkono mmoja, mkono mwingine ameukandamiza kwenye kipaji cha uso. Hukaa hivyo. Ana miaka anakaa hivyo. Siku zote nimedhani ni kwa sababu yangu.

Yeye ndiye anayenipikia bila chumvi. Yake huitia mezani, juu ya sahani, nikitazama. Mimi humwonea wivu.

Nilisema. Nilisema yote, mkanda, mbavu, na jinsi Nelly anavyoshika kichwa, jambo ambalo hakuuliza. Daktari akaniambia nimlete Nelly sasa hivi, na asitembee.

Nelly aligoma. Boga litabaki nusu? Nikamnyang'anya kisu. Nikaenda kumwita Hebert, nikavuka barabara na soksi. Tulimketisha mbele, mimi nikapanda nyuma na makabichi. Njia nzima namwona kisogo chake kupitia kioo, kimenyooka, kila mara kinageuka kuhakikisha sijaanguka. Mimi!

Alhamisi, 27 Juni

Wamemlaza siku mbili, wamempa vidonge, presha imeanza kushuka. Hakuna kilichopasuka. Daktari alisema moyo wake umekuwa ukifanya kazi ya wawili kwa miaka, na kama angeendelea hivyo, labda asingefika kiangazi. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya gari la Hebert. Hebert akaniuliza nalia nini. Nikasema vitunguu. Akasema leo hajabeba vitunguu. Kisha akaangalia upande mwingine, jambo ambalo sikumtegemea.

Niliporudi ndani nilimwuliza daktari kama ataandika kwenye utafiti kwamba ni mimi niliyeugundua ugonjwa wa Nelly. Akafikiri. Akasema hataliandika hivyo.

Wivu wa kitaaluma.

Jumatatu, 15 Julai

Nelly ana rangi. Kichwa hakimgongi. Anaimba akifua. Vidonge vyake vya kawaida anameza kila asubuhi, vyangu ananitazama nikivimeza halafu ananikagua chini ya ulimi.

Na leo kaingizwa kwenye utafiti. Daktari alimtaka mwenyewe, alisema watu wanaosema ukweli kuhusu chumvi ni wachache. Alinitazama alipokuwa akisema hivyo. Kisha akanionya mbele ya watu wote kwamba chupa ni ya Nelly, namba ni ya Nelly, na mimi nimejifunza, au siyo? Nikasema nimejifunza. Nikaweka mkono kifuani.

Chupa namba 203. Mirta alimpa akatabasamu. Nelly naye akatabasamu. Wanawake wawili kutabasamu kwa pamoja!

Alasiri kameza cha kwanza. Dakika kumi baadaye alipanda kiti kupangusa juu ya kabati. Chaki haimpandishi mtu kiti. Chaki naijua mimi, nimeila siku kumi na mbili.

Nimemwuliza kwa upole anaiweka wapi chupa. Akasema mahali ambapo sijawahi kushika maishani. Nimetafuta. Iko nyuma ya sabuni ya vyombo.

Alhamisi anakwenda kwa Graciela, kutwa. Nimevuka barabara kumwuliza Hebert kama bado ana vile vidonge vyeupe vya chaki vya chupa yake. Hakuniuliza vya nini. Aliuliza saa ngapi.