Nyapara Mwinjuma na Elimu Mpya ya Utete

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Nimerudi kutoka Utete. Siku mbili za mafunzo ya manyapara! Mwalimu kutoka Dar es Salaam alisema mfanyakazi si mashine. Kundi la watu, alisema, ni kama kundi la ndege: hakuna anayetoa amri, na bado wote hugeuka pamoja. Nyapara hodari abadilishe jambo moja dogo tu, kisha atazame. Niliandika yote. Mwinyimvua, nyapara wa kambi ya ng'ambo, alisinzia.

Jumamosi Bwana Misitu anakuja na tishali la mizigo kuchukua boriti zetu za mikoko, korija arobaini, kila korija boriti ishirini. Siku hiyohiyo atachagua Nyapara Mkuu wa delta nzima. Ni mimi au Mwinyimvua. Haiwezekani awe mtu aliyesinzia!

Jumanne, 4 Agosti
Jambo dogo: nimeuhamisha mtungi wa maji ya kunywa na kuuweka mbali, ili wakataji wangu kumi na wawili wakutane pale wabadilishane mawazo. Wamebadilishana. Saa mbili nzima, habari za harusi ya binti wa jirani, Zabibu. Mimi nilipanda mkoko niwatazame bila kuonekana. Tawi likakatika. Tope mpaka kiunoni! Kondo, mkataji wa siku nyingi kuliko wote, akaniuliza kwa adabu kama natafuta kaa. Wakanivuta wote kwa wimbo. Nimeandika: ushirikiano umeongezeka. Boriti, korija tano.

Jumatano, 5 Agosti
Mashindano! Kundi la kitambaa chekundu na kundi la cheupe. Kufika adhuhuri wekundu wamewaficha weupe mashoka, weupe wamefungua mitumbwi ya wekundu ikachukuliwa na maji. Korija mbili. Nilipokimbilia kuamua ugomvi nikakanyaga chaza. Mguu umevimba kama boga. Mke wangu, Sikudhani, ameniuliza kwa nini nisiwaache watu wa watu wafanye kazi yao. Nimemweleza kwamba mambo haya yanataka mafunzo.

Alhamisi, 6 Agosti
Sikudhani amenikataza kutoka kitandani. Huko nje, balaa! Wameyavunja makundi yangu. Nimeuliza nani kaamuru. Wanasema hakuna. Maji yalipopwa wenye nguvu waliingia kukata, wazee wakakaa kufunga, maji yalipojaa waliobaki wakapakia mitumbwini. Nimewasikia wakiimba na kutaniana mpaka alasiri. Korija kumi na sita! Tangu niwe nyapara sijaona. Nimelia kidogo, kwanza kwa uchungu, kisha kwa furaha. Elimu yangu imeanza kufanya kazi.

Ijumaa, 7 Agosti
Baada ya sala Sikudhani ameipikia kambi wali wa nazi na kamba. Nilidhani watalala. Wamerudi mikokoni wenyewe! Korija tisa. Mwinyimvua amekuja kupeleleza, akataka nimwambie siri. Nimekataa kabisa. Akanisifu. Nimemwandikia kurasa nne.

Jumamosi, 8 Agosti
Korija nane asubuhi. Arobaini kamili! Bwana Misitu aliuliza imewezekanaje. Kabla sijafungua mdomo Kondo akasema: “Ni nyapara wetu, Bwana. Tangu juzi amelala ndani, hajatutuma hata mara moja.” Nilitamani tope linimeze. Bwana Misitu alicheka mpaka akavua kofia, akamuuliza Kondo kama anautaka unyapara mkuu. Kondo akajibu kwamba hapana, yeye ana kazi. Nikapewa mimi! Wakanibeba juujuu na mguu wangu uliofungwa, tukaizunguka kambi. Sikudhani alipiga vigelegele. Hata Mwinyimvua alinikumbatia. Siku tamu kama hii sijapata kuiona.

Jumapili, 9 Agosti
Nimeamka mapema kuandika Kanuni za Hiari ya Wakataji kwa delta nzima. Vifungu thelathini na kimoja. Hakuna atakayeamrishwa tena! Kila mtu ataimba apendavyo, wimbo mmoja na wenzake, kuanzia saa moja kamili. Wazee watakaa kufunga, hata wasipochoka. Kutaniana, kifungu cha tisa, ni mara tatu kabla ya adhuhuri, si pungufu. Nimemsomea Sikudhani. Ametoka nje, na sasa namsikia anacheka na mke wa Kondo. Vizuri, kifungu cha tisa kimeanza kufuatwa. Kesho napita kambi zote kukagua. Nitakayemkuta hana hiari ifikapo saa mbili, atanitambua!