Flapu za Mteremko wa Vudee

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba, sikupakia tangawizi. Nilishinda kwa dada Honorata, mwenye chumba cha kompyuta karibu na stendi ya Same. Mchezo wa ndege za kivita. Jumamosi ni mashindano, mshindi anaiwakilisha Same huko Moshi. Nani kama si mimi? Miaka tisa nateremsha kenta ya tangawizi kutoka mlimani Vudee, sijagusa hata jiwe la pembeni! Nimempigia mama kumwambia nimeshachaguliwa kurusha ndege za kivita.

Jumanne, 8 Julai
Nimeanguka mara sita. Ndege ikiinamisha pua nashusha flapu zote, vile vibao vya nyuma ya bawa, kama ninavyoweka gia namba mbili mteremkoni. Zinakatika! Dada Honorata kasema flapu ni za mwendo mdogo, kwenye kasi zinang'oka. Kasema pia Jabiri wa duka la spea hajaanguka hata mara moja. Hilo sikumuuliza.

Jumatano, 9 Julai
Mpango. Nimemnunulia Jabiri chai na chapati, nikamnong'oneza siri ya marubani: ukiteremka kwa kasi, shusha flapu zote. Kanishukuru sana. Kakulia tambarare huyu, mteremko ataujulia wapi?

Alhamisi, 10 Julai
Jabiri kamuuliza dada Honorata mbele ya watu kama siri niliyompa mimi Zephania ni kweli. Wamecheka mpaka muuza karanga kachungulia dirishani. Kisha mama kapiga simu. Jumapili mchungaji atatangaza kanisani kwamba mimi ni rubani wa jeshi. Nimeogopa kweli. Sasa lazima nishinde.

Ijumaa, 11 Julai
Nimebandika karatasi kwenye kioo cha kompyuta: USISHUSHE FLAPU.

Jumamosi, 12 Julai
Fainali, mimi na Jabiri. Nilikuwa nyuma ya mkia wake kabisa! Akachoropoka kuelekea chini, nikamfuata. Pua ilipoinama, mguu ukatafuta breki chini ya meza, mkono ukashusha flapu zote. Na karatasi iko mbele ya macho! Jabiri ndiye anakwenda Moshi. Nimeumia, sifichi.

Jumapili, 13 Julai
Vudee. Mchungaji kaniita mbele, washarika wakapiga makofi, mama analia kwa furaha. Ningesema nini? Nimesema ndege iko gereji. Wakaiombea. Nje nikamwamkia mzee Eliufoo, akaitikia marahaba, akauliza imeharibika nini. Nikamjibu flapu.

Nikiteremka kurudi Same nimegundua kosa langu. Nilizishusha ndege ikiwa imeshachanganya mwendo. Gia ndogo huwekwa kabla mteremko haujaanza! Kumbe dawa ni kushusha flapu zote mapema, nikiwa bado juu. Nimempigia Jabiri nimfundishe kabla hajakwenda Moshi. Hapokei simu. Wivu tu.