Sanduku la Kupatanisha Vipimo

Kwa furaha kuu, Mamlaka ya Mawimbi Yasiyoonekana inautangazia umma kwamba mgogoro kati ya vituo vyake viwili vya kupima, Kituo cha Juu na Kituo cha Chini, umekwisha, na kwamba haukuwahi kuwepo. Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Kupatanisha Vipimo. Nisikilizeni mimi, msiwasikilize wambea.

Kila mashine ya umeme hutoa mawimbi, na yakizidi huvuruga mashine za jirani. Ndiyo maana hakuna kifaa kinachoingia hospitalini kabla hatujakipima. Basi fundi mmoja mwanamke, mbishi kweli kweli, alitengeneza kitanda cha kuwapa joto watoto njiti. Kituo cha Juu kikakipima, kikasema kimefaulu. Kituo cha Chini kikapima kitanda kilekile, kikasema kimefeli, tena vibaya.

Fundi akaja ofisini kwangu na muuguzi mkuu wa wodi ya njiti.

"Katibu, kule Juu waliukunja waya wa umeme wakauficha chini ya meza," alisema fundi. "Hawa wa Chini wakauning'iniza mbele ya antena kama nguo ya kuanikwa. Waya ndio unaotema mawimbi. Waambie waulaze namna moja, yaishe."

"Mama, suala la waya halimo kwenye ajenda."

"Liingize."

"Ajenda imeshafungwa."

Muuguzi akadakia. "Wodini nina kitanda kimoja na watoto watatu. Nawalaza kwa zamu. Jana mmoja alikuwa wa baridi mpaka nikaogopa kumgusa. Mama yake nimwambie nini?"

Lilikuwa swali zuri. Nikalifikisha kwenye Kamati, nayo ikaazimia kwamba wajawazito waombwe kuvuta subira, na asizaliwe njiti yeyote hadi kikao kijacho.

Katika kikao hicho Mkurugenzi, mtu mwenye maono na kiti cha kuzunguka, alitoa ufumbuzi. Litengenezwe sanduku la betri linalotoa mawimbi ya kiwango kilekile daima. Lipimwe Juu, kisha Chini, na kituo kitakachotoa jibu tofauti na mwenzake kifungiwe. Nililipiga lakiri kwa mkono wangu mwenyewe, likaondoka.

Majibu yakarudi. Juu, thelathini na tisa nukta nne. Chini, thelathini na tisa nukta nne. Mkurugenzi alitokwa na machozi, nami sikuona haya kumfuata. Tukaandaa sherehe, tukamwalika Waziri, na bango kubwa lenye tarakimu hizo likatundikwa ukumbini.

Hakosi kuwepo mgeni asiyealikwa. Fundi akaingia na redio yake ndogo, akaiweka kando ya sanduku, akaifungua. Mtangazaji akasoma hali ya hewa mwanzo hadi mwisho bila mkwaruzo.

"Mheshimiwa Waziri," alisema fundi, "hili sanduku limezimwa."

"Mtoeni huyo!" Mkurugenzi alifoka.

Lakini Waziri, mama wa makamo asiye na haraka, alikuwa ameshavunja lakiri. Betri zilikuwemo. Zilikuwa bado ndani ya nailoni yake ya dukani.

"Hii thelathini na tisa nukta nne mliitoa wapi?" Waziri alimuuliza mkuu wa Kituo cha Chini.

"Tuliwapigia simu Juu, Mheshimiwa. Tuliogopa kufungiwa."

"Na ninyi wa Juu?"

"Sisi tuliiona kwenye bango, Mheshimiwa. Katibu alishalichapisha kabla sanduku halijatufikia."

Nilieleza kwamba wachapaji wana foleni na kwamba mimi si mtu wa kungoja dakika ya mwisho. Waziri akamgeukia Mkurugenzi.

"Sanduku lililozimwa limepata alama ileile ambayo lingepata likiwashwa," alisema. "Basi na Kamati hii nikiizima, haitaonekana tofauti yoyote."

Akatuzima.

Wiki hiyohiyo, bila mwongozo wetu hata kidogo, vituo vyote viwili vikaulaza waya kama fundi alivyosema. Kitanda kikafaulu Juu, kikafaulu Chini. Muuguzi akaondoka na vitanda viwili kwenye gari la hospitali, na nasikia wale watoto sasa kila mmoja ana joto lake. Nimefurahi, ingawa utaratibu haukufuatwa.

Kuhusu hadhi yangu, bado kuna utata. Mlinzi wa lango la Juu hunipigia saluti na kunifungulia. Wa Chini huniambia, "Mzee, sogea, unazuia magari." Mtu ni yuleyule na suti ni ileile, halafu majibu mawili! Imeniuma, sifichi. Jana nikawakutanisha walinzi hao ili walinganishe majibu yao. Wakanong'onezana kidogo, wakafikia kauli moja.

Nisogee.