Malalamiko Dhidi ya Mashine Inayozisingizia Figo za Mjomba

Kwa Sista Mkuu,
Wodi ya Saratani, ghorofa ya pili.

YAH: KUVUNJIWA HESHIMA KITANDA NAMBA TISA

Shikamoo Sista. Natumaini hujambo, na kalamu yako nyekundu haijambo. Mimi ni mpwa wa yule fundi cherehani wa kitanda namba tisa, ndimi unayeniita Mdomo. Mimi na shule tuliachana mapema, bila ugomvi, lakini hoja ninazo. Zihesabu.

1. Dawa ya saratani tuliiita imtimue mwizi. Uvimbe umenywea, ahsante. Sasa daktari anasema dawa hiyohiyo inazitafuna figo za Mjomba. Mlinzi gani huyu, akishamfukuza mwizi anageuka kuvunja vyombo vya mwenye nyumba? Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema, na Mjomba nguo ndiyo kazi yake. Angejua.

2. Mliagiza anywe lita tatu za maji kwa siku, eti zisafishe figo. Mtu mate yake mwenyewe yanamtapisha! Hata hivyo, kila jioni chupa zilikuwa tupu. Mashahidi wapo.

3. Mkaleta jagi lenye mistari, akojoe humo, mimi niandike kwenye karatasi. Mzee aliyepima viuno vya mabibi harusi leo anapimwa mkojo mchana kweupe. Tukavumilia. Na nani aliongoza wodi nzima? Sisi! Lita mbili na nusu kila siku, mkojo mwangavu, wenye povu la afya, mkojo wa kijana. Ulimpongeza mbele za watu mpaka kitanda namba kumi akanuna.

4. Halafu jana mashine ya kupimia damu inasema figo zimechoka. Figo zilizochoka hujaza jagi? Kati ya mashine na jagi mmoja ni mwongo, na jagi nimelibeba mimi kwa mikono yangu.

5. Kwa hiyo naomba: mashine isimamishwe kazi; yule bwana wa maabara naye apewe jagi, tuone ubingwa wake; na kesho asubuhi Mjomba atundikiwe dripu yake ya dawa ya saratani, dozi kamili, lisipunguzwe hata tone. Zimebaki mbili tu, na cherehani inashika kutu.

Wasalimie madaktari, mama wa jikoni, na mlinzi wa getini anayejifanya hanijui.

Ni mimi, mtetezi wa figo nisiyelipwa,
Mdomo.

Nyongeza: Sista, barua nilishaikunja, ndipo nikamwona Mjomba akijaribu kuvaa viatu. Havimwingii. Miguu imeumuka kama unga wa mkate. Basi sikiliza: jagi nilikuwa najaza mimi. Na yale maji nilikuwa nakunywa mimi. Yeye aliogopa mkijua hakojoi mtamkatisha dawa, saratani irudi, nami nikajiona mjanja. Mkojo wake halisi tangu jana asubuhi haufiki kikombe cha chai. Futa namba tano yote. Usimtundikie dripu kesho mpaka daktari amwone, na leo mpime wewe mwenyewe, mimi nikiwa nje. Barua hii nakuletea mbio, isome kuanzia huku chini. Mashine niombee radhi, na zile pongezi mpe kitanda namba kumi.