Nilitaka Kulala Tu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimelala nimesimama. Alfajiri, jikoni, mwiko mkononi. Nimeshtuka moshi umejaa nyumba, vitumbua vyote vimekuwa mkaa.

Mchana sokoni Mbalizi tulikuwa tunapakia viazi, nikaanguka na gunia. Msimamizi akauliza kama nimelewa. Sijalewa. Nimechoka. Tangu mke wangu, mama Aroni, afariki nafanya kazi mbili, yake na yangu. Alfajiri nakaanga vitumbua vyake hapa nyumbani, mchana nabeba magunia, jioni naloweka mchele wa kesho.

Nikaenda zahanati. Nesi, mtoto wa juzi, akanishika mkono akasema baba huu ni uchovu, pumzika wiki mbili. Nikauliza dawa iko wapi. Akasema dawa ndiyo hiyo.

Nimekaa foleni mpaka jua linazama kuja kuambiwa nimechoka. Hiyo nilikuja nayo mwenyewe kutoka nyumbani.

Jumanne, 15 Julai

Kufunga biashara ni rahisi kwa nesi. Wateja hawa ni wa marehemu. Walimu, mafundi, watu wa bodaboda, wote alianza nao yeye na beseni moja. Nikifunga bila sababu watahamia kwa Sekela, nyumba ya pili, anakaanga maandazi. Na huyo Sekela, siku tunatoka makaburini, nilimsikia kwa masikio yangu akisema mwanaume hamalizi mwezi kwenye jiko la vitumbua. Mwezi nimeumaliza, mwaka nimeumaliza. Leo nikasema nimechoka? Atacheka mpaka Mwanjelwa wasikie.

Nimefikiria kutwa nzima, gunia liko mgongoni. Nimepata. Msiba.

Mtu mwenye msiba haulizwi kwa nini amefunga. Wateja wanamwonea huruma, wanamsubiri. Nitasema baba mdogo wangu Yotamu amefariki kwetu Kalenga, Iringa, wameshamzika, mimi naomboleza humu ndani kimya. Nafunga mlango, nalala mpaka mgongo uchoke kulala.

Na wala si uongo. Baba mdogo Yotamu amekufa kweli. Zamani, lakini amekufa.

Nimemwambia mtu mmoja tu, Ndalahwa, Msukuma anayeniletea mchele kutoka Usangu. Mdomo wa yule haujui kufungwa. Kufika asubuhi mtaa wote utakuwa umejua.

Jumatano, 16 Julai

Mtaa wote umejua. Mtaa wote umekuja.

Nilikuwa ndani ya blanketi, ndiyo kwanza usingizi unanichukua. Mlango ukagongwa. Balozi wetu wa nyumba kumi, Othmani, na vijana wamebeba turubai. Nyuma yao mabenchi ya kanisani. Nyuma ya mabenchi akina mama na kuni, unga, maharage, masufuria. Othmani akanikumbatia, akasema pole sana ndugu yangu, hutakaa peke yako, mpaka tanga liishe tuko na wewe.

Nilisahau. Mimi, niliyeota moto kwenye kila msiba wa mtaa huu, nimesahau kwamba mfiwa haachwi peke yake. Sijui akili ilikuwa wapi. Ilikuwa imechoka.

Akina mama wakahitaji pa kutandika mikeka. Nyumba yangu ni chumba kimoja na jiko. Wakatoa kitanda. Kitanda changu. Wamekifungua vipandevipande, wamekiegemeza chooni.

Nimekaa kwenye benchi mpaka sasa. Nikisinzia wananitikisa, wanasema jikaze mzee.

Alhamisi, 17 Julai

Baridi kali. Benchi gumu. Kila anayekuja lazima nisimame, nipewe mkono, nisikie pole, nijibu. Viazi vina nafuu. Viazi haviongei.

Halafu wanataka kujua habari za marehemu. Fundi mmoja akauliza aliugua nini, nikasema kifua. Mwalimu akauliza, nikasema presha. Wakakutana motoni wakabishana. Othmani akawapatanisha, akasema basi ilikuwa presha ikashukia kifuani, Mungu amrehemu. Huyu balozi angefaa kuwa daktari.

Lakini siyo hilo lililoniudhi. Jikoni kwangu ameingia Sekela. Alipofika alisema ndaga, ndaga, pole ya kwao Rungwe, lakini macho yalikuwa yameshafika kwenye jiko. Amejifunga khanga kiunoni, anawatuma wenzake kama nyumba ni yake. Mwanaume kwenye msiba haingii jikoni, kwa hiyo nimesimama dirishani mwangu kama mwizi. Nikamwona ameshusha chuma cha vitumbua ukutani. Chuma cha mke wangu. Hakuomba.

Amekaanga vitumbua vya chai ya waombolezaji. Mwalimu akauma kimoja, akasema hivi ndivyo vile vya mama Aroni. Mbele yangu. Mtu huyu amekula vyangu kila asubuhi tangu mwaka juzi na hajawahi kusema neno.

Nikaonja. Kweli ndivyo vyenyewe. Anaacha unga uumuke mpaka uwe tayari. Mimi huwa sina muda wa kuusubiri.

Nimekula vinne, kwa hasira.

Ijumaa, 18 Julai

Leo nimeaibika.

Dada yangu Eveline amekuja kutoka Kalenga. Dereva mmoja wa lori alipita Iringa akamwambia kwa kaka yako Mbalizi kuna msiba, turubai limefungwa. Hakumwambia nani amekufa. Eveline akajumlisha mwenyewe. Tumeanza kumsikia tangu barabarani. Kaka yangu jamani, kaka yangu umeniachia nani. Akapita mbele yangu, akaingia ndani, akajitupa kwenye mkeka, analilia jina langu.

Mimi nina kikombe cha uji mkononi. Nikaenda mlangoni, nikasema dada, mimi nipo.

Akaniangalia. Akanishika uso, akanifinya shavu kuhakikisha. Halafu akaanza upya. Basi ni Aroni? Mwanao? Nikamwambia hapana, Aroni mzima, yuko Tunduma, hata simu ya kunijulia hali hapigi.

Hapo ningemvuta pembeni. Sekela akaniwahi. Akamshika bega kwa upole kabisa, akasema pole wifi, tunajua baba mdogo Yotamu alikuwa nguzo yenu.

Eveline akafuta machozi. Akauliza Yotamu yupi.

Nikamkonyeza. Nikakohoa. Nikamkanyaga mguu. Dada yangu hajawahi kuelewa ishara tangu tukiwa watoto. Akasema mbona unanikanyaga, na akaendelea. Yotamu yule mwenye mguu mbovu? Si tulimzika tangu mama Aroni yuko hai, akapika yeye mwenyewe msibani? Kaburi lake limeota mti, mbuzi wanapumzikia pale.

Nje wakaacha hata kuchochea moto. Ndalahwa peke yake ndiye aliyecheka. Alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye benchi.

Jumamosi, 19 Julai

Kikao chini ya turubai. Turubai la msiba wangu, nimeshtakiwa chini yake.

Othmani hakufoka. Angefoka ningejua pa kushika. Akauliza kwa sauti ya chini, ndugu yangu, watu wameacha vibanda vyao, wameacha mashamba, wamelala kwenye baridi hii, kwa nini? Nikajibu kwamba mimi nilisema Yotamu amekufa, sikusema lini. Fundi akasema tumpige. Wengine wakasema wazo lake lijadiliwe.

Basi nikasema. Nimechoka. Nilitaka kulala. Hakuna kingine.

Hawakucheka. Nilikuwa tayari kwa kuchekwa, nimekunja ngumi kabisa. Hawakucheka.

Sekela akasimama. Akasema, baba Aroni, si ungeniambia? Ningekaanga hapahapa kwako, wateja wako wanunue kwa jina la mama Aroni, wewe ulale hata mwezi. Mimi mwaka jana nilichoka nikaenda kwa mama yangu Tukuyu wiki tatu, wewe hata hukujua, uliona tu maandazi hayapo. Kila mtu anachoka. Tena hata sasa, ukitaka, kesho naanza.

Watu wakaguna kukubali. Dada akanisukuma kwa kiwiko nikubali.

Mimi nikasema unakitaka hiki chuma, tangu mke wangu hajaugua unakitaka.

Sekela akageuka. Akaingia jikoni, akatoka nacho, amekisugua mpaka kinang'aa, akakiweka kwenye benchi mbele yangu. Akaondoka. Akina mama wote wakamfuata na masufuria yao.

Hukumu: msiba wa kwanza utakaotokea mtaani, vitumbua vyote nakaanga mimi, peke yangu, mpaka tanga liishe. Nikasema sawa. Ningesemaje?

Eveline amerudi Kalenga na basi la mchana. Ameniambia akisikia tena nimekufa hatokuja mpaka aone picha.

Jumapili, 20 Julai

Nimefunga kitanda. Mbao mbili hazipo. Wamezichoma motoni huku wananipa pole. Nimelalia shimo, nimeamka mgongo umepinda kuliko Jumatatu.

Nimekaanga tangu alfajiri. Nimeusubiri unga kama yule mwanamke, nikasinzia, ukamwagika wote chini. Nikachanganya mwingine haraka. Wateja wanapita mbele ya mlango wangu wanakwenda kwa Sekela. Mwalimu amenisalimia bila kunitazama. Wote wanaringa. Watu wamekula maharage chini ya paa langu siku tatu, leo hawanijui.

Mtu mmoja tu ameingia, Ndalahwa, ameleta mchele na kucheka.

Lakini nimekaa nimefikiria, kosa nimeliona. Kosa siyo kudanganya. Kosa ni msiba. Msiba unaita watu. Mimi nahitaji kitu cha kufukuza watu. Hata nesi hakuliwaza hili, na kasoma.

Nikamwambia Ndalahwa, polepole, kama siri, kwamba nimeshikwa na ugonjwa wa kuambukiza. Nilikuwa nao wiki nzima, nimewaficha. Akaacha kucheka. Akauliza ni ule wa tumbo, wa kutapika? Nikasema ndiyo, kutapika sana. Akauliza, na unaambukiza kwa mikono? Nikasema kwa mikono hasa.

Akarudisha kitumbua kwenye sahani. Akanawa, akanawa tena mpaka kwenye viwiko, akatoka mbio bila kuchukua magunia yake. Kupitia dirishani nimemwona anasimama kwa Sekela, kwenye foleni, anawaeleza wote huku ananyoosha kidole huku kwangu.

Safi. Kesho hakuna atakayegonga mlango huu. Nalala wiki mbili, halafu nafungua. Watakuwa na hamu na vitumbua vyangu hao.