Vibano Thelathini kwa Upinde Mmoja

Jumanne, 4 Machi

"Ukiibana sana, gundi inakimbia, na iliyokimbia haishiki kitu." Maneno ya shemeji, kaka wa mke wangu, seremala wa vitanda. Kayasema huku akinywa chai yangu. Upuuzi. Ukitaka vitu viwili vishikane, unavibembeleza? Nimesoma vitabu vitatu vya ufundi na nusu ya cha nne. Nguvu ya upinde ni mbano. Nikamwambia hivyo. Akasema pinde zangu mbili zilizofumuka zina maoni yao.

Mke wangu naye katoa hukumu: upinde huu ninaoutengeneza ni wa tatu na wa mwisho. Ukifumuka, chumba changu cha kazi kinakuwa chumba chake cha cherehani. Nimekubali papo hapo. Mwenye haki haogopi masharti.

Jumatano, 5 Machi

Msasa kutwa. Mbao nne nyembamba kama rula, na vipande viwili vya faibaglasi: kimoja cha mgongoni mwa upinde, kimoja cha tumboni mwake. Shemeji kakagua kwa kucha, hakuona kasoro. Siku njema.

Kaniazima vibano kumi na viwili, akasisitiza vinatosha. Nilimkaribisha ndani akale, nikaenda karakanani kwake kuchukua kumi na vinane vingine. Elimu ina gharama zake.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya gundi. Nimechanganya chupa mbili za gundi, nikapaka, nikapanga tabaka zote juu ya kalibu, gogo lililochongwa kwa umbo la upinde, nikabana. Nikakaza. Nikakaza tena kwa bomba la chuma, kama wenzo. Gundi ikatoka kama uji, ikajaa mezani, ikashuka sakafuni. Mke wangu kasimama mlangoni, kauliza mbona gundi yote iko chini. Nikamweleza kwamba hiyo ni ziada. Mbao imeshachukua inayoitosha. Akauliza imeniambia saa ngapi. Kisha akapima dirisha, kwa ajili ya pazia.

Ndara yangu ya kushoto imeganda sakafuni, haitoki. Gundi ni bora kabisa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefungua vibano, nikaufunga upinde uzi. Shemeji na mke wangu walitazama wakiwa nyuma ya mlango, waoga. Nikavuta hadi kifuani: kimya. Hadi kidevuni: kimya. Nikawageukia nikiwa bado nimevuta, nikaanza kuwaeleza walivyokosea. Nilifika sababu ya pili.

Faibaglasi ikabanduka kama ganda la ndizi. Shemeji kaokota mbao, kanionyesha: kavu, haina hata tone. Akasema, taratibu kabisa, "Shemeji, hukugundisha upinde. Uliufua, ukaukamua." Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akaanza kutoa misumari yangu nje.

Jumapili, 9 Machi

Cherehani imeingia. Mimi nimehamishiwa uani, na kalibu yangu. Nimetafakari kwa unyofu, bila kujipendelea, na kosa nimeliona. Vibano thelathini vinabana mahali thelathini tu. Katikati yake, uzembe mtupu. Kinachotakiwa ni mzigo mmoja, mzito, juu ya upinde mzima.

Kwa hiyo nyinyi madereva wa malori mnaoegesha nyuma ya nyumba yetu, nawaambia waziwazi: kesho saa mbili asubuhi nataka lori moja lililojaa kokoto. Lipandishe gurudumu juu ya kalibu yangu, na dereva asishuke mpaka gundi ikauke.